Mguu Uliojificha Nyuma ya Mwenzake

Nakiri sasa, maana waliobaki wa kudanganywa ni wachache: ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto ulikuwa na mstari mweusi, na nilikuwa naujua. Niliujua tangu ulipokuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Niliujua ulipofika unene wa njiti ya kiberiti. Aliyeniuliza nilimwambia nilijikwaa. Aliyerudia kuuliza nilimwambia ni rangi ya zamani haikutoka vizuri. Mwishowe nikaona badala ya kuongeza uongo ni nafuu niongeze rangi, nikawa yule mwanamke wa Kijenge mwenye kucha za miguu nyekundu mwaka mzima, hata Julai, wakati baridi imeivalisha Arusha nzima soksi na hakuna wa kumwonyesha.

Watu walidhani ni mapenzi. Rafiki yangu mmoja aliitazama miguu yangu, akanitazama usoni, akasema, "Mtu wa umri wetu hapaki rangi chini bila sababu. Ni nani huyo?" Nikatabasamu tabasamu la kuacha mlango wazi kidogo. Nilipendelea kusingiziwa bwana kuliko kusingiziwa ugonjwa.

Naishi kwa kuandika makala. Nimesoma chuo kikuu, na nilipomaliza nikarudi kusoma tena, kwa hiyo nina uwezo mkubwa wa kueleza jambo bila kulitazama. Nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu wanawake wa makamo na wajibu wa kuupenda mwili jinsi ulivyo. Wasomaji waliisifu sana. Niliiandika nikiwa nimevaa soksi.

Ningeendelea hivyo hadi kufa, pengine kufa kwenyewe kungekuwa karibu, kama mgongo usingeanza kuuma. Na hata mgongo ningeuvumilia kama si dada yangu.

Dada yangu ananizidi umri kwa kiasi cha kutosha yeye kunipiga, na mimi kutosamehewa nikimrudishia. Anaishi Akheri, kwenye shamba la wazazi wetu, na kule hakuna mtu asiyewapima wenzake kwa macho. Mahali penyewe pa kupimana ni nje ya kanisa, baada ya ibada, wakati wa mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa ananadi mkungu wa ndizi, jogoo analalamika kwapani mwa mtu, na wanawake wanasimama kwa mafungu wakikaguana kutoka unyayoni hadi kilembani. "Umepungua wewe. Ni sukari au ni mume?" "Shingo imekuwa nyeusi, hiyo presha." "Umenawiri, hongera, lakini punguza." Hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kumwona mwenzako amebadilika ukanyamaza.

Dada ndiye bingwa wao. Hajawahi kukosea, kwa sababu humtajia mtu magonjwa yote kwa mpigo, kisha hukaa akingoja moja lijitokeze. Jumapili ile nilipotoka kanisani aliniacha nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye uzio, halafu akapaza sauti kuushinda mnada:

"Wewe! Mbona unatembea kama bata aliyepigwa jiwe?"

Hata jogoo alinyamaza.

"Mgongo tu, dada."

"Mgongo gani unaopinda kiuno? Hiyo figo. Au nyonga. Au umerithi ya babu. Kesho hospitali, na nakupeleka mimi, maana wewe ukienda peke yako utaenda kunywa kahawa urudi useme wamekuona."

Hilo la kahawa lilikuwa kweli, nilishawahi kufanya. Dada akashuka nami mjini jioni ile ile, akalala kwangu.

Sasa, kwetu mtu haendi hospitali akiwa amepauka. Marehemu mama yetu alishikilia kwamba daktari akikuona una magoti meupe atajua huna wa kukuangalia nyumbani, na asiye na wa kumwangalia hahangaikiwi. Kwa hiyo ugonjwa wetu huanzia bafuni. Asubuhi ile dada alisimama mlangoni kusimamia. Nilisugua visigino kwa jiwe, nikajipaka mafuta ya mgando mwili mzima, kisha losheni juu ya mafuta, kisha poda pale ambapo losheni haikukubali kukauka. Nikavaa kitenge kipya, chini yake gagulo, chini ya gagulo skintaiti ya kubana tumbo. Miguuni nikaongeza rangi nyekundu, tabaka jipya juu ya la juzi. Dada akanizunguka mara moja, akasema, "Haya. Sasa unaweza kuumwa."

Daktari alikuwa binti. Sisemi alionekana kijana. Alikuwa binti kabisa, wa umri ambao ningemtuma dukani. Alisimama nilipoingia, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole kwa kuumwa. Naomba uvue nguo, ubaki na ya ndani tu."

Katika malezi yangu yote hakuna aliyeniandaa kwa sentensi hizo mbili kukaa karibu hivyo. Nikaanza kuvua. Kitenge kikatoka, gagulo likatoka, skintaiti ikagoma. Binti akageukia ukutani kwa heshima na kusoma bango la kunawa mikono, huku mimi napigana. Nilipomaliza nilikuwa nahema kama niliyepanda Meru hadi kileleni.

Aligeuka, akaweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akanitazama.

"Hunipimi?" nikauliza.

"Ndiyo nakupima. Kwanza naangalia tu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nimalize kukuona." Akainamisha kichwa upande. "Pumua mama. Liachie tumbo."

Tumbo nilikuwa nimelibana tangu getini. Nikaliachia. Likashuka kwa uzito wa kitu kilichochoka kusubiri, na ajabu ni kwamba binti hakulitazama. Alikuwa anatazama mabega. Akaniambia bega la kulia liko chini ya la kushoto. Akanigeuza, akasema uti wa mgongo unakwenda sawa mpaka kiunoni, halafu unakwepa. Akaniomba nitembee hadi dirishani na kurudi. Nikatembea kwa madaha niliyokuwa nayo, nikiwa na sidiria na chupi ambayo, kama ningejua, nisingeivaa siku hiyo.

"Mama, unang'aa."

"Asante mwanangu."

"Siyo sifa. Taa inanirudia machoni, ngozi yako siioni. Umepaka nini?"

Nikamtajia. Akafunga macho kidogo kama mtu anayehesabu hadi kumi.

"Haya. Simama tu hapo, kawaida, kama unasubiri mtu."

Nikasimama. Akanitazama mpaka nikatamani anichome sindano tuyamalize.

"Hivi ndivyo unavyosimama siku zote?"

"Ndiyo."

"Mguu wako wa kushoto umejificha nyuma ya wa kulia."

Nikatazama chini. Ni kweli. Mguu wa kulia ulikuwa mbele, umejipanga kama askari, na wa kushoto nyuma yake, umejipinda, unachungulia kama mtoto nyuma ya gauni la mama. Sikuupanga hivyo. Ulijipanga. Nikakumbuka picha zangu zote za miaka ya karibuni, za harusi, za vipaimara, za mahafali ya watoto wa watu: katika kila moja nimesimama hivyo hivyo, na siku zote nimekuwa nikidhani ni pozi.

"Unatembea pia kwa ukingo wa huo mguu, kidole gumba hukikanyagii," akasema. "Kiuno kinapinda kukufuata, mgongo unauma. Mgongo wako ni mzima, mama. Unaficha nini?"

"Uzee," nikasema.

Hakucheka. Akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo liliniaibisha kuliko uchi wenyewe, akatazama kucha zangu nyekundu, kisha akainua macho kwenye mikono yangu. "Za mikono hukupaka."

Chuo kikuu hakikunipa jibu la hilo.

"Njoo kesho," akasema akiinuka. "Bila rangi. Bila mafuta, losheni, poda. Njoo vile unavyoamka."

Nje, dada aliposikia masharti, alishika kiuno. "Uje hospitali umepauka? Huyo mtoto amezaliwa wapi?"

Jioni nilikaa kwenye kigoda uani na chupa ya dawa ya kutoa rangi, dada akiwa ndani anapasha loshoro, mahindi yale na maziwa ya mgando aliyokuja nayo ili nisife kwa chakula cha mjini. Tabaka la juu likatoka, kisha la chini yake, kisha la chini zaidi. Nilikuwa nimejenga ghorofa. Kwa muda mrefu sikuwahi kuutazama ukucha ule bila haraka. Siku za kubadilisha rangi nilifanya kama mtu anayevua bandeji gizani. Safari hii nilitazama, jua bado lipo.

Mstari haukuwa mstari tena. Ulikuwa umekula nusu ya ukucha. Na haukuishia kwenye ukucha: chini, pale ngozi inapoanza, weusi ulikuwa umevuja kidogo, kama wino unavyovuja kwenye karatasi mbaya. Nikajaribu kuufuta kwa pamba. Nikafuta tena. Kisha nikavaa soksi, nikaingia ndani na kula loshoro bakuli mbili, na kumwambia dada kwamba ina chumvi kidogo mno.

Kulipokucha nikatii. Nilioga kwa maji na sabuni tu, nikavaa gauni pana na viatu vya kufunika. Nilipoketi kwenye benchi la kusubiri, gauni likapanda, na miundi yangu ikatokeza hadharani, myeupe, ina mistari kama shamba lililokosa mvua. Dada akaitazama, akatazama watu benchini, akaitazama tena. Kwa bahati yake mbaya, upande wa pili alikaa mwanamke wa kwetu Akheri, tunayemkuta mnadani kila Jumapili. Mwanamke yule alikuwa ameshaiona miundi. Alisema kwa upole wa kuua, "Poleni sana jamani. Kumbe hali ni mbaya hivi."

Dada akafungua mkoba, akatoa kopo dogo la mafuta.

"Dada, hapana. Daktari amekataa."

"Daktari atakuona dakika tano. Huyu tutamkuta Jumapili."

"Dada, nakuomba."

"Tulia! Unataka waseme kwetu hatuna mafuta?"

Akainama na kuanza kunipaka, kwa nguvu ile ile aliyonipakia nilipokuwa mdogo, kama anayepiga rangi ukuta. Goti, muundi, kifundo. Kabla sijamzuia alikuwa ameshanivua kiatu na soksi ya kulia, akapaka unyayo, akanivisha. Kisha akavua cha kushoto.

Mikono yake ikasimama.

Nilingoja. Dada yangu anayemtajia kila mtu figo, nyonga na babu, alikuwa ameshika mguu wangu kiganjani na hatamki kitu. Mwanamke wa Akheri akanyoosha shingo. Dada akaufunika ukucha kwa kiganja haraka, kama mtu anayeficha pesa kanisani.

"Tangu lini?" akauliza, sauti ya chini.

"Muda."

"Ndiyo maana ya hizo rangi?"

"Ndiyo."

Nilitegemea matusi. Badala yake akaendelea kupaka, taratibu sasa, kidole kimoja kimoja, akikizunguka kile cheusi bila kukigusa. Akanivisha soksi. Akapangusa mikono kwenye khanga yake na kutazama mlango wa daktari bila kupepesa mpaka tukaitwa, na tulipoitwa aliingia na mimi bila kuomba ruhusa.

"Nimesema bila mafuta," daktari akasema mara tu nilipopanda kitandani. Nilikuwa nang'aa kuanzia magotini kushuka chini, kama niliyevuka mto wa samli.

"Ni mimi, mwanangu," dada akasema. "Ungeona alivyokuwa, hata wewe ungempaka."

Safari hii binti alicheka. Akachukua pamba na spiriti, akanifuta mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta taa, akatoa lenzi ndogo yenye mwanga wake, akakiinamia kidole. Alitazama na kutazama. Akatazama kucha zangu nyingine zote, za miguu na mikono, akatazama nyayo, katikati ya vidole, mgongo, hata nyuma ya masikio. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na nimewahi kuolewa.

"Mistari kwenye kucha za watu weusi ni jambo la kawaida," akasema hatimaye. "Wengi tunayo, na mara nyingi kwenye kucha kadhaa. Wewe unao huu mmoja tu, umepanuka, na umevuka ukaingia kwenye ngozi. Sitaki kuukisia kwa macho. Macho yamefika mwisho wa kazi yake hapa. Nitakata kinyama kidogo chini ya ukucha, kiende maabara."

"Unafikiri ni nini?" nikauliza.

"Inaweza kuwa saratani ya ngozi. Inaweza isiwe."

"Ni kiatu," nikasema. Hata wakati ule. Ukweli umekaa mbele yangu na lenzi mkononi, na mimi bado nasingizia kiatu.

"Nyamaza wewe," dada akasema, akanishika bega lile la chini.

Walichoma ganzi, wakakata, wakafunga. Daktari akaandika namba yangu akasema atapiga mwenyewe, majibu yanatoka mbali na huchelewa. Nikarudi Kijenge nikiwa na bonge la bandeji ambalo sasa kila mtu aliliona, na nikagundua jambo la kuudhi: mgongo ulianza kupona. Kwa kuwa sikuwa na cha kuficha, mguu ulikuwa umetoka nyuma ya mwenzake na kukaa mbele, kama wenzake wote duniani.

Siku za kungoja zilinifanya mtu mbaya. Nilitazama miguu ya watu. Nilishuka sokoni kununua nyanya, nikarudi bila nyanya, nimeona nyayo zilizopasuka, vidole vilivyopandana, kucha zilizopinda kama pembe za mbuzi, na wenye miguu hiyo wote wanapatana bei kwa furaha. Kwenye kona ya Daraja Mbili nilimfuata mwanamke mwenye ndala hadi mbele ya duka la mbao, kwa kuwa nilidhani nimeona mstari. Akageuka. "Dada, kuna nini?" Nikamwambia ndala zake ni nzuri. Akazitazama zile ndala, moja imeshonwa kwa waya, akanitazama mimi, akavuka barabara.

Dada alipiga simu kila asubuhi. Hakutaja ugonjwa hata mmoja. Aliuliza nimekula nini, na kabla ya kukata alisema, "Njoo Akheri ungojee huku. Huko mjini unangojea na nani?" Nikaenda.

Kwa hiyo simu ilinikuta jikoni kwake, mchana, tunamenya ndizi za mtori, mikono yote minne ina utomvu. Iliitia juu ya gunia la unga. Nikaibonyeza kwa kiwiko na kuweka sauti ya nje.

"Mama, habari za tangu siku ile? Uko na mtu?"

Nikajua. Mtu mwenye habari njema haulizi uko na nani.

"Niko na dada yangu. Sema tu."

"Mama, majibu yametoka. Ni saratani."

Dada akaweka kisu chini.

"Lakini nisikilize vizuri," sauti ikaendelea, haraka kidogo, ya kibinti kabisa sasa. "Tumeiwahi. Bado iko juu, haijazama ndani. Tutakuangalia tezi za kinenani, ila nilipokuona hazikuwa na dalili mbaya. Kidole chenyewe lazima tukikate, kwenye kiungo. Ukikubali wiki hii, nina matumaini makubwa. Ukienda kufikiria miezi, sina."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi ndani yake, na nusu yake yalihusu viatu.

"Daktari," dada akawahi, akiisogelea simu kama inayosikia vibaya. "Hicho kidole mkishakikata, mnakipeleka wapi?"



"Kinaenda maabara kwanza, mama mkubwa, wakipime kingo zake."

"Halafu?"

"Halafu... huwa hospitali inaviteketeza."

"Hapana. Wakimaliza kukipima mtupe wenyewe. Sisi tunazikwa hapa, kwenye kihamba, shamba hili la ukoo, na baba na mama. Hatuwezi kumzika mtu vipande vipande, kimoja hapa, kingine moshi wa hospitali. Kitatangulia, kimngojee. Na kingoje sana."

Nikaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi na makamasi, na sikuwa na mkono safi wa kujipangusia. Dada akanipangusa kwa khanga yake, puani, kwa nguvu.

"Nitauliza utaratibu," daktari akasema, na nilisikia naye anajizuia. "Lakini mgonjwa mwenyewe hajanijibu. Mama? Unakubali?"

"Kikate," nikasema. "Huyu atakuja kukichukua."